Mwanangu anataka kuwa risiva wa NFL na masomo hataki kuyasikia, nimwambie nini?

Swali nimelifupisha kidogo. Dada mmoja mzaliwa wa Mombasa anayeishi Houston ameandika hivi: "Mwanangu ana miaka 16, anacheza futiboli ya Kimarekani shuleni kwao, nafasi yake ni risiva. Kochi anamsifu sana. Sasa kaanza kuniambia habari za masomo nisimsumbue kwa sababu yeye anaenda NFL, na akifika huko atanijengea nyumba Nyali. Mimi mpira huu siuelewi, naona wanagongana tu. Hebu nielezee kazi hii ya risiva ikoje toka mwanzo mpaka mwisho, inalipa kiasi gani kweli, inadumu miaka mingapi, kama kuna watoto wa kwetu waliofika huko, na huyu mtoto nimwambie nini."

Asante sana dada, na pole na mvutano wa hapo nyumbani. Mimi nafundisha marisiva, yaani wale wadakaji wa mpira, wa haiskuli hapa hapa Texas kwa hiyo mazungumzo ya namna hii na wazazi ninayo kila msimu, na wazazi wetu wa kutoka Afrika Mashariki wanapata tabu zaidi maana mtoto anaongea lugha ya mpira ambao mzazi hakukua nao, mzazi anashindwa kujua hapa naambiwa ukweli au napigwa porojo.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu hilo ndilo la haraka, mengine yanaweza kusubiri. Mwambie hivi: barabara ya kwenda NFL, yaani ligi kuu ya kulipwa ya mpira huu, inapita darasani, nyingine hakuna. Na hapo humtishi, ni kanuni zimeandikwa. NFL haimpokei kijana kwenye drafti, yaani ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya, mpaka iwe imepita miaka 3 toka amalize haiskuli. Hiyo miaka 3 lazima awe mahali anacheza na watu wanamuona, na mahali penyewe ni chuo kikuu. Sasa vyuo vya daraja la kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, havimchezeshi mtu bila masomo ya msingi 16 ya haiskuli na wastani wa maksi usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4, na katika hayo 16, masomo 10 anatakiwa awe keshamaliza kabla ya kuanza mwaka wake wa mwisho wa haiskuli, na 7 katika hayo 10 yawe ya Kiingereza, hesabu na sayansi, na maksi za hayo zinafungwa pale pale, huwezi kurudia baadaye ili kupandisha wastani. Kijana wa miaka 16 yuko katikati ya hayo masomo 10 sasa hivi tunavyoongea! Kwa hiyo anaposema masomo baadaye, hiyo baadaye haipo.

Halafu kuna sheria ya Texas yenyewe, toka mwaka 1984, ukifeli huchezi. Akipata chini ya 70 kwenye somo mwisho wa kipindi cha maksi anakaa nje wiki 3, mazoezi anaruhusiwa lakini mechi hapana. Haiskuli msimu mzima una mechi 10 tu kabla ya mtoano, sasa toa 3 halafu muulize hao maskauti, yaani watu wa vyuo wanaotafuta vipaji, watamuonea wapi.

Na yeye akikuambia mbona fulani na fulani ni mastaa na shule hawakuwa lolote, mpe hii. Justin Jefferson wa Minnesota Vikings, ambaye leo ni kati ya marisiva wanaolipwa hela nyingi kuliko wote duniani, alipokuwa haiskuli Louisiana hakuna aliyemhangaikia, alipewa nyota 2 tu katika zile nyota wanazowapa vijana, na sababu mojawapo ni kwamba mambo yake ya masomo yalikuwa hayajakaa sawa, vyuo vikaona huyu hatoingia, akaja kukamilisha masharti ya kuingia LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, kiangazi cha 2017 kikiwa kinaelekea ukingoni. Aliponea chupuchupu, na yeye alikuwa na bahati kaka zake walishapita LSU kwa hiyo jina la familia lilijulikana pale. Larry Fitzgerald naye, risiva aliyecheza miaka 17 timu ya Arizona, wa pili katika historia kwa yadi, yaani umbali aliousogeza mpira kwa kudaka, na kwa idadi ya mipira aliyodaka, maksi zake za haiskuli Minnesota zilikuwa mbaya mpaka ikabidi apelekwe shule ya kijeshi Pennsylvania, Valley Forge, arekebishe kwanza ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Hao ni watu wenye vipaji vinavyoonekana mara moja kwa kizazi, na bado mlango wa darasa uliwabana.

Haya, sasa kazi yenyewe.

Uwanja una urefu wa yadi 100 na upana wa yadi 53 na ushee. Timu yenye mpira inapewa nafasi 4 za kusogea yadi 10, ikifanikiwa inapewa 4 nyingine, ikishindwa mpira unaenda upande wa pili. Kwotabeki ndiye anayerusha mpira, risiva ndiye anayekimbia kwenda kuudaka, na kuna beki wa pembeni ambaye kazi yake ni kumnyima risiva pumzi. Wanaogongana sana katikati ni wale wakubwa wa kilo 140. Mwanao yuko pembeni, karibu na mstari, mara nyingi peke yake na beki mmoja.

Watu wakiangalia wanadhani risiva anakimbia tu halafu mpira unamfuata. Hapana. Kila mchezo, yaani mpango wa kila mpira unapoanza, una ruti zake, yaani njia ambayo kila risiva lazima aipite, hatua ngapi, anakata wapi, kwa pembe gani, na kwotabeki anarusha mpira kwenda mahali ambapo risiva bado hajafika. Chukua ruti ya slanti, ambayo ndiyo ya kwanza kabisa ninayowafundisha watoto. Kijana kasimama pembeni, beki yuko mbele yake karibu kabisa, mikono juu, anataka kumsukuma kifuani asitoke. Mpira ukianza tu kijana anapiga hatua kama anakwenda nje, bega la nje linashuka na macho yanaangalia nje, beki akiyumba hata kidogo kufuata lile bega basi kaisha, mkono wa kijana unapiga kiwiko cha beki kuutoa njiani, hatua ya tatu mguu wa nje unachimba chini, mwili wote unakata kuingia ndani kwa mshazari. Wakati huo kwotabeki keshauachia mpira na kijana hajageuza hata shingo. Anapogeuka mpira uko usoni. Anatakiwa aulete mikononi kwa vidole, siyo kwa kifua, auangalie mpaka aone ncha yake imeingia kiganjani, halafu aubane ubavuni kabla yule beki mwingine wa katikati hajamfikia, na yule anakuja kwa kasi kweli kweli. Yote hayo yanachukua muda wa kutamka jina lako na la baba yako. Akikosea nusu hatua, mpira unadakwa na adui na lawama anabeba kwotabeki mbele ya watu 70,000, na kwotabeki akishakosa imani na wewe hakurushii tena, unaweza kucheza mechi nzima umekimbia kilomita na kilomita na hujagusa mpira.

Ndiyo maana nasema kasi inadanganya sana. Kila mwaka vijana wanaitwa Indianapolis kupimwa, wanakimbizwa yadi 40 na dunia nzima inaangalia saa. Mwaka 2017 John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22, ikawa rekodi, Cincinnati wakamchukua wa 9 katika drafti. Msimu wake wa kwanza hakudaka mpira hata mmoja, majeraha yakamwandama, na katika maisha yake yote ya NFL hakuwahi kufikisha yadi 1,000 kwa msimu. Wakati huo huo Anquan Boldin mwaka 2003 alikimbia taratibu mno kwa viwango vyao, akashuka mpaka nafasi ya 54, mechi yake ya kwanza kabisa akapata yadi 217 na msimu huo akadaka mipira 101. Mikono, miguu ya kukata, na akili ya kusoma beki anataka nini. Hivyo havina saa ya kuvipima.

Mtu ambaye ningependa mwanao amsome vizuri ni Jerry Rice, kwa sababu maisha yake ya kazi yana kila kitu ulichoniuliza, mwanzo, kilele, kuumia, kuzeeka.

Rice amezaliwa 1962 kijijini Mississippi, baba yake fundi wa kujenga kwa matofali, na wakati wa kiangazi watoto walimsaidia kazi, ndugu zake wanarusha matofali kutoka chini na Jerry yuko juu kwenye jukwaa anayadaka. Mwenyewe husimulia kwamba aliingia kwenye timu ya shule kwa sababu alikuwa anakwepa darasa, makamu wa mkuu wa shule akamkuta, akatimua mbio, na yule mwalimu badala ya kuishia kwenye adhabu peke yake akaenda kumwambia kochi kuna mtoto hapa ana mbio. Vyuo vikubwa havikumtaka. Akaenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha watu weusi pale Itta Bena, na huko kochi wao Archie Cooley alikuwa anarusha mpira muda wote, kwotabeki Willie Totten, na mwaka 1984 Rice peke yake alifunga tachidauni 27, yaani mara 27 aliufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui. Uwanja wa chuo hicho leo unaitwa kwa majina yao wawili.

Drafti ya 1985 alichukuliwa wa 16 na San Francisco 49ers, wakiwa wametangulia marisiva wawili, Al Toon na Eddie Brown, na Bill Walsh kocha wa 49ers alibadilishana nafasi na New England ili ampate. Halafu sikiliza, mwaka wa kwanza akawa anadondosha mipira! Mashabiki wa nyumbani wanamzomea, magazeti yanauliza huyu wa chuo kidogo tumemleta wa nini. Hii sehemu watoto hawaipendi wanairuka, lakini ndiyo kazi yenyewe, karibu kila risiva anapita hapo, kwa sababu haiskuli na chuo alikuwa anashinda kwa mwili wake na sasa anakutana na mabeki wenye mwili kama wake ambao pia wamesoma kila kitu anachofanya. Rice alitulia Desemba ile, usiku wa Jumatatu dhidi ya Rams akapata yadi 241, na toka hapo hakuna aliyemzomea. Mwaka 1987 alifunga tachidauni 22 katika mechi 12 tu kwa sababu ya mgomo wa wachezaji. Januari 1989 kwenye Super Bowl, ndiyo fainali ya NFL, dhidi ya Cincinnati akadaka mipira 11 kwa yadi 215 na akawa mchezaji bora wa mechi.

Alikuwa na kilima chake, Edgewood Park pale San Carlos, njia ya kupanda ya kilomita 4 hivi, alikimbia huko wakati msimu umefungwa na wenzake wako likizo, wachezaji wa timu nyingine walikuja kujaribu wakatapika njiani. Agosti 1997 katika mechi ya kwanza goti likakatika kano, ile wanayoiita ACL, akiwa na miaka 34. Akarudi Desemba hiyo hiyo, mapema mno, akafunga na kwenye mpira huo huo akapasuka kifuniko cha goti. Wengine hapo ndiyo mwisho. Yeye alicheza mpaka 2004, na mwaka 2002 akiwa Oakland Raiders, aliotimiza miaka 40 msimu ukiendelea, alipata yadi 1,211. Jumla yadi 22,895, mipira 1,549, misimu 20. Fitzgerald aliye wa pili ana yadi 17,492. Angalia hiyo nafasi katikati yao, ni zaidi ya yadi 5,000.

Sasa dada, Rice ni mmoja. Nimekueleza ili ujue mlima una urefu gani, usije ukadhani ndiyo kawaida ya hii kazi. Kawaida ni hii.

Haiskuli za Marekani kila mwaka zina wachezaji zaidi ya milioni 1 wa mpira huu. NCAA wenyewe wanakadiria katika kila wachezaji 100 wa vyuo vyao wanaofikia umri wa drafti, wanaochukuliwa hawafiki 2. NFL ina timu 32, kila timu kikosi cha watu 53, na humo marisiva ni 5 au 6. Piga hesabu, ni chini ya watu 200 nchi nzima, na kila Aprili wanaingia wapya 30 na ushee kwa drafti na wengine wengi bila drafti wanaokuja kujaribu. Kambi inaanza Julai na watu 90, mwisho wa Agosti wanakatwa wabaki 53. Unaitwa ofisini, unaambiwa uje na kitabu chako cha mipango ya uchezaji, au siku hizi na tableti yao, basi ndiyo umeachwa. Wengine wanabaki kwenye kikosi cha mazoezi, wanafanya kila kitu na wenzao isipokuwa Jumapili hawavai jezi.

Miaka mingapi? Chama cha wachezaji kwa muda mrefu kimekuwa kinataja wastani wa miaka 3 na kidogo. Ligi yenyewe inabisha, inasema wanaofanikiwa kubaki kikosini mwanzo wa msimu wao wa kwanza wanadumu kama miaka 6. Zote mbili zinaweza kuwa kweli, inategemea unamhesabu nani. Ila hata ukichukua ile 6, mtu kaingia ana miaka 22, katoka ana 28.

Na siyo wote wanabaki kwa kudaka. Hili mwanao alijue mapema kwa sababu litamsaidia hata chuoni. Yule risiva wa 5 na wa 6 anabaki kwa sababu anajua kucheza kwenye vikosi vya mateke, pale mpira unapopigwa kwa mguu kwenda upande wa pili na watu wanakimbia kwenda kumwangusha aliyeupokea. Matthew Slater alichukuliwa na New England mwaka 2008 kama risiva, akacheza misimu 16, akashinda Super Bowl 3, akachaguliwa Pro Bowl, yaani kwenye kikosi cha mastaa wa msimu, mara 10, na katika maisha yake yote alidaka mpira 1. Mmoja! Mimi nikiwa na kijana anayegoma kukimbia kwenye mateke kwa sababu yeye ni staa, namwambia habari za Slater kwanza kabla hatujaendelea.

Tuje kwenye hela maana najua hapa ndipo Nyali inapojengwa.

Kuna hela za kwenye habari na kuna hela za kwenye akaunti. Za kwenye habari ni kama Jefferson mwaka 2024, miaka 4 kwa dola milioni 140, au Ja'Marr Chase wa Cincinnati mwaka 2025, miaka 4 kwa milioni 161. Ukisoma mkataba wa NFL usiangalie hiyo namba kubwa, tafuta palipoandikwa kiasi cha uhakika, yaani hela ambayo lazima walipe hata wakimwacha kesho. Kwa Jefferson ilikuwa milioni 110, kwa Chase 112. Iliyobaki ni ahadi, timu ikimchoka au akiumia wanaweza kumkata na hawadaiwi. Siyo kama soka la Ulaya ambako mkataba wa miaka 4 ni miaka 4.

Na hao wamefika kwenye mkataba wa pili. Mkataba wa kwanza wa aliyechaguliwa kwenye drafti ni wa miaka 4 na bei imepangwa kulingana na nafasi aliyochukuliwa, hakuna kubishana. Puka Nacua wa Rams alichukuliwa wa 177 mwaka 2023, msimu huo akavunja rekodi za wachezaji wote wa mwaka wa kwanza katika historia, mipira 105 na yadi 1,486, na mshahara wake wa msingi mwaka huo ulikuwa kima cha chini, dola 750,000. Ni hela nyingi sana kwa binadamu wa kawaida, sikatai, lakini toa kodi ya serikali kuu ambayo juu inafika asilimia 37, toa kodi za majimbo anayochezea mechi, toa wakala mpaka asilimia 3, toa mkufunzi binafsi na mtu wa kumhudumia mwili, na kumbuka huyo ndiye aliyefanikiwa. Kikosi cha mazoezi mwaka 2024 kilikuwa dola 12,500 kwa wiki na unaweza kuachwa Jumanne yoyote. Kwa hiyo ngazi halisi ni hii, uishi miaka 3 ya kwanza ukiwa mzima na unadaka, ndipo ule mkataba wa pili uje, na wengi sana wanadondoka kabla ya hapo. Hata pensheni ya ligi inataka uwe na misimu 3 iliyohesabiwa, pungufu ya hapo huipati.

Kuumia sitalizunguka. Risiva anaumia goti, kifundo cha mguu, misuli ya nyuma ya paja, vidole. Calvin Johnson wa Detroit, ambaye alipata yadi 1,964 mwaka 2012 na rekodi hiyo ya msimu ameishika muda mrefu, alistaafu na miaka 30 akiwa bado anaogopwa na kila beki, mwili ulikuwa umechoka na maumivu. Goti linapona. Linaloniumiza mimi ni kichwa. Demaryius Thomas aliyeshinda Super Bowl na Denver alifariki Desemba 2021, hajafikisha hata 34, na madaktari wa Chuo Kikuu cha Boston walipopima ubongo wake wakakuta CTE, ule ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara nyingi kwa miaka. Vincent Jackson, risiva wa San Diego na Tampa Bay, alifariki Februari 2021 na miaka 38, naye alikutwa nayo. Ugonjwa huu mpaka leo unathibitishwa baada ya mtu kufa tu, na wataalamu wanachosema ni kwamba unaongezeka kwa miaka ya kugongwa, siyo lazima uzimie. Sikwambii umtoe mtoto kwenye timu, nafundisha mchezo huu na naupenda, lakini uamuzi huo ni wako mzazi na una haki ya kuufanya ukijua. Sheria ya Texas toka 2011 inasema mtoto akishukiwa mtikisiko wa ubongo anatolewa hapo hapo na harudi bila daktari kuandika. Siku akikuambia kichwa kinamuuma, taa zinamkera, kasahau kilichotokea kwenye mechi, usimwachie anywe panadol alale. Na mwambie kabisa kwamba kukuficha ili asikose mechi ni kitu ambacho hutamvumilia.

Jambo moja zuri, mambo ya chuo yamebadilika. Zamani mchezaji alipewa skolashipu peke yake. Toka Julai 2021 anaruhusiwa kupata hela kwa jina lake na picha yake, na toka 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa hiyo kijana anaweza kuona hela kabla ya NFL, na kwa walio wengi hiyo ya chuo na ile digrii ndiyo malipo makubwa watakayoyapata kutoka kwenye huu mpira. Ila hapo pia ndipo wapambe wanapozaliwa. Mtu yeyote akija kwako na karatasi anataka mtoto asaini, au anataka mlipe ili "atangazwe" vyuoni, usisaini, chukua nakala na umpelekee wakili.

Umeuliza pia kama kuna watoto wa kwetu waliofika. Wapo wachache na hawakuwa marisiva. Daniel Adongo, Mkenya, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Rees Odhiambo aliyezaliwa Nairobi alisoma Boise State na Seattle wakamchukua raundi ya 3 mwaka 2016, yeye ni wale wakubwa wa mbele. Kwa nafasi ya mwanao Mwafrika wa kumtazama ni Nelson Agholor, kazaliwa Lagos, akakulia Tampa, na kwenye Super Bowl ya Februari 2018 alidaka mipira 9 Philadelphia wakachukua ubingwa.

Sasa fanya hivi wiki hii. Nenda shuleni, usimtume yeye, nenda mwenyewe, omba kuonana na mshauri wa masomo, umwambie unataka kujua masomo ya msingi ya NCAA, mwanangu kamaliza mangapi na wastani wake kwa hayo tu ni ngapi, kwa sababu wastani wa jumla wa shule unachanganya na masomo ambayo NCAA haiyahesabu na wazazi wengi wanadanganyika hapo. Hakikisha ana akaunti kwenye ofisi ya NCAA inayohakiki masomo. Kisha muone kochi, umuulize maswali mawili, je, kuna chuo chochote kimempigia simu au kumwandikia kuhusu mtoto huyu, na je, yeye kama kochi anamuona ni wa daraja gani la chuo. Kochi mkweli atakuambia daraja. Kusifiwa mazoezini na kuandikiwa na chuo ni vitu viwili.

Na kijana mwenyewe usimnunie. Mkalie Jumapili muangalie mechi moja pamoja, mwambie akuelezee risiva anafanya nini kila mpira unapoanza, umuache aongee. Mwambie Fitzgerald alimuahidi mama yake atamaliza digrii, mama akafariki 2003 kabla mwanawe hajaingia NFL, na yeye akaja kuimaliza mwaka 2016, tayari ana mamilioni na jina lake liko kila mahali, akakaa akasoma kwa sababu alishamwahidi.

Ukishapata transkripti yake, yaani ile karatasi rasmi ya masomo na maksi zake, nitumie, futa jina lake na la shule kwanza, nitakuangalizia masomo yapi yanahesabika na yapi yamebaki.